Khabari za Firenze

Miguu ya Balqees ilikuwa bado inamuuma. Walikuwa wamerudi kutoka Italia zaidi ya wiki, na lengelenge la kisigino cha kulia lilikuwa limepasuka, likakauka, likapasuka tena. Hata hivyo alasiri hiyo aliviinamia viatu vile vile vyeusi vya ngozi vilivyotembea juu ya mawe ya Firenze tangu jua kupanda mpaka kutua. Mama yake, Bi Mahbuba, alimtazama kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Viatu vipya unavyo chini ya kitanda."

"Nataka hivi."

"Unakwenda kwa watu wa Hail na viatu vya kupandia milima?"

"Mama, viatu vinavuliwa mlangoni. Nani atakayeviona?"

"Mimi nimeviona. Na uso wako nimeuona. Mwanamke anayekaribia kuposwa hana uso huo."

"Siendi kuposwa. Nakwenda kunywa kahawa."

"Kahawa!" Bi Mahbuba akacheka kwa pua, akarudi kwenye sufuria yake. "Miaka saba unakunywa kahawa. Ingekuwa shamba, sasa tungekuwa tunavuna."

Balqees alifunga kamba za viatu, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi za ghorofa yao ya tatu hapo Darsait, mjini Muscat, kwenye harufu ya samaki wa kukaanga na rangi ya magari kutoka gereji ya chini. Akasimamisha teksi. Dereva alitaka kuzungumza. Yeye akaegemeza kichwa dirishani, akafumba macho.

Alichoka. Hakuchoka kama mtu aliyefanya kazi kutwa, maana huyo akilala anaamka mzima. Balqees alichoka kama mlango uliogongwa miaka mingi na mtu asiyetaka kuingia.

Mwaka wa tisini na saba Marhoon, akiwa na miaka ishirini na sita, alimpelekea mama yake ujumbe kwamba kapata mke. Alikuwa mwanamme mhandisi wa maji, mpole, macho yenye kope ndefu kama za ngamia, sauti ya chini. Bi Ruqaya, mama yake, aliuliza swali moja: ni wa nani? Alipoambiwa ni Balqees binti Mahfoudh, wa watu waliotoka Bujumbura, alisema la. Hakumuona binti mwenyewe. Hakutaka kumuona. Na dada yake mkubwa, Bi Shaikha, akaongeza yake, na maneno ya Bi Shaikha yalifika Darsait kabla ya magharibi, kama yanavyofika siku zote maneno ya namna hiyo, bila kupotea njia:

"Tuchanganye damu na watu wa bara? Watu wametoka huko kwenye migomba, nani anamjua nyanya yao?"

Balqees hakuwapo yaliposemwa. Lakini aliyajua mpaka mahali Bi Shaikha alipovuta pumzi. Na alijua jambo jingine, ambalo watu wa Hail walikuwa wamelisahau haraka sana: kwamba wote walirudi Oman na masanduku ya bati ya aina moja, waliotoka Unguja na waliotoka bara, wote waliitwa Wazinjibari sokoni, wote walichekwa Kiarabu chao. Kisha wengine wakapata nyumba karibu na bahari, na mara hiyo hiyo wakaanza kuulizana nyanya.

Lakini Marhoon alimwambia Balqees angoje. Na kila Eid, gari lake likisimama nyuma ya ofisi ya safari ambako Balqees alifanya kazi, mtaa wa Ruwi, aliteremsha kioo na kusema kwa ile sauti ya chini:

"Nimemuomba tena. Kakataa tena. Nivumilie."

Balqees akavumilia. Wachumba wawili waliopanda ngazi za Darsait aliwarudisha. Mmoja sasa ana watoto wanne.

Kisha mwaka huu wa elfu mbili na nne ofisi ikaandaa safari ya kina mama ya Italia, kila mmoja na mwanawe au nduguye, na Balqees ndiye kiongozi wao. Marhoon akaja na shauri lake.

"Nitamleta mama. Usimwambie jina lako. Mwache akupende kwanza, ndipo ajue."

"Nimdanganye mtu mzima?"

"Si kumdanganya. Ni kumchelewesha kidogo."

Wale kina mama walimwita Bi Safari, na yeye akaitika. Roma Bi Ruqaya hakuiona, alikaa hotelini na magoti yake. Lakini alipoambiwa kwamba Firenze kuna daraja zima limejengwa maduka ya dhahabu, aliamka kabla ya wote, akakaa kwenye kiti cha mbele cha basi na mkoba mapajani. Siku moja tu. Kwenda na kurudi. Na siku hiyo ndiyo iliyomleta Balqees mpaka geti hili la nyumba ya Bi Ruqaya, mtaa wa Hail, ambapo teksi ilikuwa sasa inasimama.

Marhoon alikuwa anamngoja nje, kanzu nyeupe, kofia imekaa vizuri, anachezea funguo.

"Karibu. Wako wengi ndani, wamekuja kumpa mama pole ya safari. Kakuulizia tangu adhuhuri."

"Umemwambia?"

"Ingia kwanza, Balqees. Jua kali."

"Marhoon. Pale kwenye daraja ulisema, nikitia mguu Muscat tu. Mguu umeutia. Umemwambia?"

Akatazama barabarani. Alikuwa na tabia hiyo: akibanwa, macho yake yalitafuta kitu cha mbali.

"Tangu turudi nyumba haijakauka wageni. Siwezi kumwambia jambo kama lile mbele ya watu. Nipe wiki hii. Nampeleka hospitali Jumatatu, tutakuwa peke yetu ndani ya gari. Wallahi Jumatatu."

"Na leo mimi ni nani? Niingie kwa jina gani?"

"Ingia kama Bi Safari. Leo tu. Kwa ajili yangu."

Balqees alimtazama. Angeweza kupiga kelele. Majirani wangefungua madirisha. Miaka mitano nyuma pengine angelia. Sasa alisikia kisigino tu, kinapwita ndani ya kiatu kama moyo wa pili.

"Leo tu," alisema, akampita.

Chumba cha wanawake kilikuwa baridi, kimejaa udi. Kina mama walikaa kuzunguka kuta, halwa katikati, tende, vipande vya chungwa. Bi Ruqaya alikaa kwenye kiti peke yake kwa sababu ya magoti, mweupe wa uso, mwembamba, macho makali. Alipomuona Balqees alipiga makofi.

"Huyo! Huyo ndiye Bi Safari wangu! Njoo, mwanangu, njoo ukae hapa karibu nami. Nnawahadithia, nao hawaamini."

Balqees aliwazungukia wote, mkono kwa mkono, akambusu Bi Ruqaya kichwani, akakaa chini pembeni ya kiti chake. Bi Ruqaya mwenyewe akainua birika la kahawa, akammiminia finjani.

"Mwambie Shaikha," alisema. "Hakuwapo mtu alokuwa hana nguo katikati ya mji?"

"Alikuwapo, mama," Balqees akasema. "Sanamu."

"Sanamu refu kama mnara, uchi wa mnyama, kasimama mbele ya watu na watoto wao. Nikamtupia jicho moja nikaliondoa. Astaghfirullah! Nikasema, mji wote huu wa matajiri, mmekosa kikoi kimoja cha kumstiri?"

Wanawake wakacheka mpaka shela zikaanguka.

"Jicho moja tu, Ruqaya?" akauliza mmoja. "Umejuaje kama kikoi kimoja kingetosha?"

"Wee! Nyamaza, usinichumie dhambi." Bi Ruqaya naye alikuwa anacheka. "Na kanisa lao, kuba lake jekundu kama nusu ya komamanga, ukilitazama shingo inauma. Na hilo daraja! Soko letu la Mutrah, wallahi, wamelichukua wamelipandisha juu ya mto. Dhahabu kushoto, dhahabu kulia. Nikaingia duka la kwanza, nikapima bangili mkononi, nyepesi kama ganda la njugu. Karati kumi na nane! Nikamwambia Bi Safari, mwambie huyu kijana, hii si dhahabu, hii ni rangi."

"Ukamwambia?" Bi Shaikha akauliza. Alikaa upande wa pili, mnene, tasbihi mkononi, hajacheka sana.

"Nilimwambia kwamba mama anaitafakari," Balqees alisema.

Wakacheka tena. Bi Ruqaya akaweka mkono wake juu ya bega la Balqees, akauacha pale.

"Nisingemaliza ule mji bila ya huyu. Magoti yangu mnayajua. Kila ngazi, bega lake. Kila jiwe, mkono wake. Tulisali ukingoni mwa mto, kwenye majani, Mtaliana mmoja na mbwa wake wamesimama wanangoja tumalize wapite. Huyu akanitandikia abaya yake ya akiba nisilowe magoti. Sote tulikaa siku ile, kwenye vibaraza, kwenye viti, kwenye ngazi za kanisa. Huyu sikumuona akikaa. Hata mara moja."

Balqees alitazama ndani ya finjani yake. Mkono ule ulikuwa mwepesi na wa moto. Aliukumbuka vizuri. Katikati ya lile daraja kuna mahali ambapo maduka yanaachana na mtu anaweza kuuona mto. Pale Bi Ruqaya alisimama kuvuta pumzi, kamshika yeye mkono wa kushoto, Marhoon amesimama upande wa kulia. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, hayana haraka. Bi Ruqaya akamgeukia, akamtazama usoni muda mrefu, akasema:

"Nani kakuzaa wewe? Mama alokuzaa kabarikiwa."

Jina la Bi Mahbuba lilimfika Balqees mpaka kwenye meno. Akamtazama Marhoon. Marhoon alikuwa anatazama maji. Basi akalimeza jina la mama yake, akasema, "Ahsante, mama," na mpaka leo hajui kama mdomo wake umepata kufanya jambo baya kuliko hilo.

"Lakini hatujaulizana khabari," Bi Shaikha alisema sasa, akikusanya tasbihi yake. "Mgeni kaingia, tumeanza kucheka kama watu wasiokuwa na adabu."

Wote wakajiweka sawa. Ni desturi yao, na Balqees alilelewa nayo kama wote waliomo mle. Mgeni akishakaa, mkubwa wa nyumba humuuliza khabari za atokako, na mgeni hujibu kwamba hakuna khabari. Hata kama nyumba yake imeungua jana, hata kama katoka kuzika, hujibu hakuna, kheri tu. Khabari yenyewe itakuja baadaye, kidogo kidogo, pembeni. Jibu la kwanza ni moja, na kila mtu analijua kabla halijatoka.

"Karibu, binti," Bi Shaikha alisema kwa sauti ya desturi. "Wazima utokako? Kuna khabari gani?"

Balqees alifungua mdomo aseme hakuna. Neno lilikuwa tayari. Mlango wa barazani ulikuwa wazi kidogo, na chini ya pazia aliona ncha za ndara za Marhoon. Kasimama pale anasikiliza. Anangoja, kama alivyongoja siku zote, mwanamke mwingine amalizie kwa niaba yake.

"Khabari ipo," alisema.

Finjani moja ikagonga sahani.

"Mimi si Bi Safari. Naitwa Balqees binti Mahfoudh, wa Darsait. Mama yangu ni Bi Mahbuba. Baba yangu kazaliwa Bujumbura, na mama yake ni Mrundi, na mgongo wa huyo Mrundi ndio ulionibeba mimi. Mwaka wa tisini na saba mlisema hamumjui nyanya yetu." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Nimekuja kuwajulisha."

Tasbihi ya Bi Shaikha ikaanguka mapajani.

"Ruqaya! Unamsikia? Kakuingilia ndani ya nyumba yako kwa jina la uongo, kakushika mkono nchi za watu, kumbe ni hao hao watu wa…"

"Wa wapi, Bi Shaikha?" Balqees akamgeukia. "Malizia. Wa migomba? Ndizi za Unguja zinaota kwenye minazi?"

"Mtazameni mdomo wake!"

"Shaikha, basi," Bi Ruqaya alisema. Mkono wake haujaondoka begani. "Mimi nnajua."

"Unajua nini?"

"Nnajua yeye nani. Nlijua kule kule Firenze, jua halijafika utosini." Akamtazama Balqees kutoka juu ya kile kiti, na macho yale makali yalikuwa mekundu pembeni. "Tulipokuwa tunashuka kwenye basi, mwanangu alinyoosha mkono, akachukua mkoba wako. Hakukuomba. Na wewe ukampa bila ya kumtazama, ulikuwa unahesabu watu. Marhoon huyu, asiyejua hata birika la nyumba hii linakaa wapi! Mwanamme hachukui mkoba wa mwanamke namna ile ikiwa kaonana naye wiki ile tu. Ule mkoba kaubeba miaka. Nikajua ndiye yule nlomkataa."

Mwanamke mmoja akasema "Ya Rabbi" kwa sauti ndogo.

"Nikakutazama siku nzima. Pale darajani nikakuuliza, nani kakuzaa. Nlikufungulieni mlango, nyote wawili. Wewe ukamtazama yeye. Na yeye akatazama maji. Nikasema, labda ndani ya ndege. Nikasema, labda nyumbani. Kila siku akija kuniamkia nnamngoja. Ananiuliza kama nimekula dawa."

Balqees akageuka kumtazama usoni.

"Lakini, mama, miaka yote umekuwa ukikataa. Sasa angekuambia nini? Kila Eid anakuomba, kila Eid unakataa."

"Kila Eid?"

"Ndiyo. Kila Eid."

Bi Ruqaya aliuondoa mkono begani polepole. Akageuka kuelekea mlangoni.

"Marhoon!"

Ndara zikasogea. Kina mama wakavuta shela zao. Akaja mpaka kwenye pazia, macho chini, funguo mkononi.

"Naam, mama."

"Nimekukatalia huyu mara ngapi?"

"Mama, si mbele ya watu…"

"Mbele ya watu ndipo nlipomkatalia. Shaikha alikuwapo, nusu ya hawa walikuwapo. Mara ngapi?"

Alitafuta kitu cha mbali cha kutazama. Chumba hakikuwa na kitu cha mbali.

"Mara moja," alisema.

"Lini?"

"Mwaka ule."

"Baada ya hapo uliniuliza tena? Eid gani? Ramadhani gani?"

Marhoon akazifumba funguo kiganjani. Na Balqees, aliyekuwa ameketi chini pembeni ya kiti cha mama huyo, aliona zile Eid zote zikija moja baada ya moja: gari nyuma ya ofisi, kioo kinateremka, ile sauti. Nimemuomba tena. Alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa miaka, akamchukia katika sala, akamuota akimchukia, kwa makosa ambayo nusu na zaidi hakuyafanya. Wachumba wawili. Ngazi za Darsait. Baba yake aliyeacha kuuliza.

Alingoja hasira ije. Ilikuja kidogo, ikamtazama, ikaondoka. Hata hasira ilikuwa imechoka.

"Mimi nlisema la," Bi Ruqaya alisema, sasa kwa Balqees peke yake, kana kwamba wengine wametoka. "Nlilisema kwa kibri, na huyu dada yangu akanitia ufunguo. Ningeulizwa mara ya pili, sijui ningesema nini. Pengine ningesema la tena, siwezi kukudanganya. Lakini sikuulizwa." Akainua birika la kahawa kwa mikono yote miwili, maana lilikuwa zito. "Sasa mimi ndo nnayeuliza. Binti Mahfoudh, bado unamtaka?"

Mdomo wa birika ulikuwa juu ya finjani yake. Wanawake wote walitazama finjani ile. Wanaoijua kahawa wanajua: ukiinyoosha finjani kimya, unamiminiwa. Ukiitikisa, basi.

Balqees alimtazama Marhoon mlangoni. Kope zile. Alimpenda; hilo ndilo lililokuwa likichosha zaidi.

Akatikisa finjani.

"Kahawa yako nzuri, mama," alisema. "Nimetosheka. Na kule kukataa kwako nimekusamehe, maana ulikataa kwa mdomo wako mwenyewe."

Akambusu tena kichwani, akainuka. Bi Shaikha alikunja miguu yake kumpisha, na hakusema neno, jambo ambalo watu walilizungumza Hail kwa muda mrefu kuliko mengine yote.

Barazani alikuwa anahangaika na kamba za viatu pale Marhoon alipomfuata.

"Balqees. Nisikilize. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mama yako hana magoti. Asingeweza hata kukukimbiza."

"Niliogopa akisema la mara ya pili, itakuwa mwisho. Nilitaka moyo wake ulainike."

"Ulilainika kwa siku moja." Kamba ilikatika mkononi mwake. Akaitazama, akaitupa. "Siku moja ya Firenze, Marhoon, na mawe, na yule mtu asiye na kikoi. Siku moja ilitosha. Na wewe ulikuwa nayo mfukoni miaka saba."

"Nitafanya nini sasa? Niambie tu nifanye nini."

"Hilo nalo nikufanyie mimi?"

Alisimama. Na Marhoon, kwa mazoea, bila kufikiri, akanyoosha mkono kuuchukua mkoba wake.

"Uache," Balqees alisema.

Mkono ukabaki hewani. Alipofika kwenye geti aligeuka mara moja, kwa kosa, na ulikuwa bado upo hapo.

Darsait, adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha zamani kidogo. Bi Mahbuba alikuwa anakaanga vitunguu. Balqees alisimama ameegemea friji, hajavua abaya, hajavua viatu. Kamweleza mama yake yote kwa sentensi chache. Bi Mahbuba alizima jiko, akaliwasha tena.

Ndipo kengele ikalia. Mzee Mahfoudh, baba yake, akafungua mwenyewe. Sauti za wanaume, salamu, mlango wa chumba cha wageni. Bi Mahbuba akachungulia dirishani.

"Kuna gari chini. Kuna mwanamke mtu mzima ndani yake. Kafungua mlango, kateremsha mguu mmoja. Anazitazama ngazi zetu."

Balqees hakusogea. Ukuta kati ya jikoni na chumba cha wageni ulikuwa mwembamba, wakikohoa wanasikilizana. Alimsikia baba yake, kwa sauti ile ya desturi, isiyo na haraka:

"Karibu. Wazima utokako? Kuna khabari gani?"

"Hakuna khabari, ami," Marhoon alisema. "Kheri tu."

Bi Mahbuba akafumba macho. Balqees alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeusikia wimbo anaoujua. Kijiko kikagonga kikombe. Ikaonekana Mzee Mahfoudh angeanza sasa kuzungumzia joto.

"Ipo, ami," Marhoon alisema.

Sauti haikuwa ya chini. Ilikuwa inatetemeka, lakini ilipita ukutani nzima nzima.

"Ipo khabari, na ni mbaya kwangu kabla haijawa nzuri. Nilimtaka binti yako mwaka wa tisini na saba. Niliuliza mara moja, nikakatazwa, nikanyamaza. Kisha nikamdanganya yeye kwamba nauliza. Hakuna aliyenizuia miaka yote hii isipokuwa mimi. Mama yangu yuko chini, magoti hayapandi. Nimekuja peke yangu, bila mzee, bila mshenga, maana nimechoka kutanguliza watu. Namuomba Balqees. Ukinifukuza, una haki. Lakini kesho nitapanda ngazi hizi tena nikuulize, na kesho kutwa."

Mzee Mahfoudh hakuwahi kujibu upesi jambo lolote. Mwishowe wakasikia kiti chake kikisogea, na nyayo zake mpaka mlango wa jikoni. Hakuingia. Aligonga mara moja kwa kidole.

"Mmesikia huko?"

Bi Mahbuba akamgeukia binti yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na akasingizia vitunguu kwa kuvitupia jicho baya.

"Nimwambie nini baba yako?"

Balqees alitazama huku na huku, akaona kigoda cha mama yake cha kukunia nazi karibu na jiko, akakivuta kwa mguu. Akakaa. Akakivua kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, kilichokuwa hakina kamba, na soksi yake ilikuwa imegandana na damu kisiginoni. Akanyoosha miguu yote miwili juu ya sakafu baridi ya vigae, akatoa pumzi ndefu.

"Mwambie ampe kahawa," alisema. "Na mmoja wenu ateremke na maji na kiti kwa Bi Ruqaya, asikae ndani ya gari na joto hili. Mwambieni kwamba mama aliyenizaa anamsalimu."

"Na huyo wa mle ndani? Jibu lake?"

"Atalipata."

"Lini, mwanangu?"

"Mama," Balqees alisema, akaegemeza kichwa ukutani, upande ule ule ambako Marhoon alikuwa anangoja. "Mimi nimekaa sasa hivi tu."